Kibali cha Utafiti Shuleni: Kila Ofisi na Swali Lake

Mwanafunzi wa uzamili ambaye pendekezo lake la utafiti limeshapitishwa na dodoso limeshachapwa huona kazi iliyobaki ni moja tu, kwenda shuleni. Anafika asubuhi na bahasha yenye barua ya chuo. Mwalimu mkuu anampokea vizuri, anamsainisha kitabu cha wageni, anaisoma barua mpaka mwisho, halafu anauliza: "Sawa mwanangu, barua ya mkurugenzi iko wapi?" Swali hilo humrudisha mjini, na huko mjini nako anaulizwa barua ya mkoa.

Ni rahisi kuuita mzunguko huu urasimu na kuishia hapo. Lakini ukiufuatilia barua kwa barua utaona kila meza ina jambo lake inalotaka kulijua, na jambo hilo si lile la meza inayofuata. Chuo kinathibitisha wewe ni nani. Mkoa unataka kujua kwamba umeingia. Halmashauri inataka kujua shule zipi, lini, na utakula muda gani wa masomo. Mwalimu mkuu anataka kujua kama akikuruhusu atakuwa salama akiulizwa. Wanaochelewa miezi ni wale wanaopeleka jibu la meza moja kwenye meza nyingine. Na lipo swali ambalo hakuna hata meza moja kati ya hizo inayoliuliza kwa uzito linaostahili, nalo ni kama mtoto na mzazi wake wamekubali. Nitalifikia, maana kwangu ndilo zito kuliko yote.

Tuanze na mwenye shule. Tanzania Bara, shule za msingi na sekondari za serikali zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ile tunayoiita TAMISEMI. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inashika sera, mitaala na uthibiti ubora wa shule. Mgawanyo huu huwapoteza wengi. Mtu anahangaika wiki nzima kutafuta barua ya Wizara ya Elimu kwa kuwa utafiti wake ni wa elimu, kumbe anayefungua mlango wa darasa ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Wizara utaihitaji ukichunguza vyuo vya ualimu au kazi ya wathibiti ubora. Kwa dodoso la walimu wa hisabati wa sekondari za kata, mtu wako ni mkurugenzi.

Kabla ya kumfikia mkurugenzi lazima ijulikane nani anakudhamini kitaaluma. Mratibu wa utafiti nchini ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 kurithi Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi la mwaka 1968, lililojulikana kwa jina fupi la UTAFITI. Lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kawaida hapangi foleni COSTECH. Barua anayopewa na chuo chake hutaja waraka wa serikali wenye kumbukumbu namba MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980, unaompa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa wafanyakazi na wanafunzi wa chuo hicho kwa niaba ya serikali. Mwaka huo nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. UTAFITI limeondoka, vyuo vimeongezeka na kuwa na taratibu zao za kutoa barua kama hiyo, na waraka ule bado unasomwa kwenye barua zinazopokelewa mikoani. Kwa mgeni wa kutoka nje hali ni tofauti: anaomba COSTECH moja kwa moja, anatakiwa awe na mshirika wa hapa nchini, na kibali anachopewa ndicho anachokwenda nacho Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi cha daraja C.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kibali cha COSTECH au barua ya chuo hakikuingizi darasani. Kinasema wewe ni mtafiti halali. Shule ipi na siku ipi, hilo bado halijajibiwa na mtu.

Barua ya chuo huandikwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye huandika kwa mkurugenzi, na kwingine barua hupitia kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Mkurugenzi huandika kwa wakuu wa shule, nakala kwa Afisa Elimu wa Msingi au wa Sekondari na kwa Afisa Elimu Kata. Ukigusa mikoa mingi ni nafuu kuanzia TAMISEMI Dodoma, kwa Katibu Mkuu, upate barua moja itakayotambulika kwa makatibu tawala wote unaowahitaji.

Watu wengi hudhani barua yao "imekaliwa" na mkurugenzi, wakati mara nyingi haijamfikia. Inapokelewa masjala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingizwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio. Jalada linapanda kwa mkurugenzi, naye anaandika pembeni maneno machache kwa kalamu, kitu kama "AE Sek, shughulikia." Linateremka kwa afisa elimu. Afisa elimu anamkabidhi afisa taaluma aandae rasimu ya barua ya kwenda shuleni, na rasimu inapanda tena kusainiwa. Hata pale majalada yalipohamia kwenye kompyuta, safari ni ile ile. Anayefuatilia kwa kuuliza "barua yangu imesainiwa?" anajibiwa bado, na kesho atajibiwa bado. Anayeuliza "jalada sasa hivi liko kwa nani?" anaonyeshwa mlango. Chukua namba ya kumbukumbu siku ile ile unayowasilisha, na umheshimu mtu wa masjala kama unavyomheshimu mkurugenzi, maana ndiye anayejua jalada lilipo.

Kinachochelewesha zaidi ni barua yenyewe kutosema kitu. Soma hii: "Naomba kibali cha kukusanya data katika baadhi ya shule zilizo katika halmashauri yako kuanzia mwezi wa nane." Afisa elimu hawezi kuandika chochote juu ya maombi hayo bila kukuita. Shule zipi? Mpaka lini? Data za nini? Sasa soma hii:

"Naomba kuingia katika shule tatu za msingi zilizotajwa kwenye kiambatisho, siku mbili kwa kila shule, kati ya tarehe 4 na 15 Agosti. Kila shule nitakaa na wanafunzi 20 wa darasa la pili, mmoja mmoja, dakika 15 kila mmoja, wakisoma kifungu kifupi cha Kiswahili. Nitarekodi sauti. Sitapiga picha. Sitagusa madarasa ya mtihani."

Hapo hesabu inaonekana: saa tano kwa shule, zimegawanywa kwa siku mbili, na hakuna mtoto anayepoteza hata kipindi kimoja kizima. Afisa taaluma ananakili maelezo hayo kwenye rasimu yake na kazi imekwisha. Barua ya namna hii humsaidia pia mwalimu mkuu, kwa sababu ukifika shuleni na kutaka darasa la sita ambalo hukuliomba, ana karatasi ya kukukatalia.

Kalenda nayo ina nguvu kuliko muhuri. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kidato cha nne Novemba, darasa la nne na kidato cha pili nao huwa na mitihani yao kuelekea mwisho wa mwaka. Kuanzia Julai darasa la saba liko kwenye moko, yaani mitihani ya majaribio, za wilaya na mkoa. Mwalimu mkuu anayekukatalia darasa hilo mwezi Agosti anawalinda watoto, hata ukiwa na barua ya Katibu Mkuu mkononi, na nadhani ana haki kabisa. Ukihitaji madarasa ya mtihani, nenda Februari au Machi, na upange hivyo tangu unapoandika pendekezo.

Mpaka hapa tumezungumzia maofisa na majalada, na hakuna aliyeuliza mtoto atapatwa na nini. Swali hilo ni la kamati ya maadili ya utafiti, ambayo kwa wanafunzi iko chuoni. Utafiti ukigusa afya, kama kupima damu, minyoo, lishe au afya ya uzazi, unahitaji pia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Wengi wa fani ya elimu huiona hatua hii kuwa ya madaktari. Wanasema sisi tunauliza maswali tu, hatudungi mtu sindano.

Kwa anayesema hivyo, ninamwelekeza kwenye kisa cha shule ya Fernald, huko Waltham katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilikuwa taasisi ya serikali ya bweni kwa watoto waliosemekana kuwa na upungufu wa akili, ingawa baadhi yao walikuwa watoto waliokosa malezi tu. Kati ya mwaka 1946 na 1953, watafiti wa chuo cha MIT, kwa ufadhili uliohusisha kampuni ya Quaker Oats, waliwalisha wavulana wa Fernald uji na maziwa yaliyotiwa chembe za mionzi ili kufuatilia jinsi mwili unavyofyonza madini ya chuma na kalisi. Wavulana waliambiwa wamejiunga na Klabu ya Sayansi. Barua iliyokwenda kwa wazazi ilitaja maziwa ya ziada kila siku, kupelekwa kutazama mpira wa besiboli, kupelekwa ufukweni. Haikutaja mionzi. Habari zilifichuka mwishoni mwa mwaka 1993. Mwaka 1995 Rais Clinton aliomba radhi kwa majaribio ya mionzi yaliyofanywa na serikali kwa watu wake, na baadaye MIT na Quaker Oats walikubali kuwalipa waathirika dola milioni 1.85.

Ukiitazama Fernald kwa macho ya makaratasi, hakikukosekana kitu: chuo cha kuheshimika, uongozi wa shule ulioridhia, barua kwa wazazi. Kilichokosekana ni ukweli ndani ya ile barua. Na zawadi zilifanya kazi yake, kwa kuwa mtoto aliyefungiwa bwenini mwaka mzima hawezi kukataa safari ya ufukweni. Ndiyo maana kamati ya maadili inakuuliza utawapa nini washiriki. Soda na biskuti baada ya kazi kwa darasa zima, pamoja na waliokataa kushiriki, ni ukarimu. Daftari kwa watakaokubali tu ni bei ya kununua ridhaa.

Sasa ile ridhaa yenyewe. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo hata kidato cha nne wengi wao ni watoto mbele ya sheria. Shuleni utasikia mara kwa mara kwamba "mkuu wa shule ameshakubali kwa niaba ya wazazi." Mkuu wa shule anaweza kukuruhusu kuingia katika eneo lake na kutumia muda wa shule. Kumtoa mtoto wa mwenzake kama chanzo cha data si mamlaka aliyokabidhiwa, na mtafiti anayejificha nyuma ya saini hiyo anajua kwamba ameruka mtu.

Fomu nyingi za ridhaa nilizosoma zimeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa tasnifu. "Utafiti huu unalenga kubaini uhusiano kati ya mazingira ya kifamilia na umahiri wa stadi za KKK, ushiriki ni wa hiari na taarifa zitatunzwa kwa usiri." Mama anayeuza mboga gengeni atasaini kwa sababu karatasi imetoka shule, na ya shule haikataliwi. Mwandikie yeye:

"Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Naomba kumsikiliza mtoto wako akisoma kwa dakika 15, pale shuleni, siku ya masomo. Nitarekodi sauti yake ila sitaandika jina lake. Akikwama kusoma, alama zake hazitabadilika. Ukikataa, hakuna kitakachompata yeye wala wewe. Ukikubali leo na kesho ukaghairi, nipigie kwa namba hii."

Wapo wanaotumia utaratibu wa kwamba asiyerudisha fomu amekubali. Fomu za namna hiyo hubaki katikati ya daftari la mtoto mpaka mwisho wa muhula, na mzazi hajui kama ilikuwepo. Njia inayofaa, ingawa inachukua muda, ni kumwomba mwalimu mkuu nafasi kwenye kikao cha wazazi, usimame mwenyewe, ueleze, uulizwe maswali, na asiyeweza kusoma asomewe mbele ya shahidi kabla ya kuweka dole gumba. Kwa shule za bweni itabidi upige simu kwa wazazi mmoja mmoja. Ni gharama, ndiyo, na iingie kwenye bajeti kama nauli inavyoingia.

Mtoto naye anaulizwa peke yake. Ukisimama mbele ya watoto 70 na mwalimu wao wa darasa pembeni ukauliza "Mnakubali?", utajibiwa "Ndiyooo!" kwa sauti moja, kama wanavyoitikia salamu. Wamefundishwa kumwitikia mtu mzima, na huo si ukubali. Mkae wawili mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, chini ya mti wa uwanjani kwa mfano, umweleze kwa sentensi tatu, kisha umwambie kwamba anaweza kusema hapana na kurudi darasani sasa hivi. Halafu nyamaza. Wengine watasema hapana. Mtafiti ambaye hajawahi kukataliwa na mtoto hata mmoja achunguze namna anavyouliza.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mada ikigusa watu wazima wa shule ile ile. Chukua utafiti wa viboko. Kanuni za adhabu ya viboko, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinamruhusu mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mtoto anakueleza kwamba jana alichapwa kumi na mwalimu fulani. Ulimwahidi siri. Mwalimu huyo yuko ofisini, na mkuu wa shule aliyekukaribisha chai ndiye bosi wake. Ukinyamaza, umemwacha mtoto na maumivu yake. Ukisema ovyo, mtoto atajulikana, na wewe utaondoka jioni naye atabaki. Jibu la hali hii huandikwa kabla ya kufika shuleni, ndani ya maombi ya maadili: ni siri gani utaitunza na ipi huwezi kuitunza, na utaipeleka kwa nani. Wapo maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Mtoto aambiwe mpaka huo mwanzoni, kabla hajafungua kinywa: "Ukiniambia kwamba kuna mtu anakuumiza, itabidi nimweleze mtu anayeweza kukusaidia." Atachagua mwenyewe aseme nini.

Upo pia upande wa karatasi na simu zenye data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Orodha ya majina na alama iliyopigwa picha ukutani na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wasaidizi wa utafiti ni jambo zito chini ya sheria hiyo, ingawa hufanyika kila siku bila mtu kushtuka. Weka namba badala ya majina siku ile ile, na ufunguo wa namba hizo ukae mbali na data. Shule nazo zifichwe majina kwenye tasnifu. Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, na sioni kwa nini mwanafunzi wa uzamili airudishe orodha hiyo kwa mlango wa nyuma.

Kabla hujaomba chochote, hakikisha pia kwamba unachokitaka hakijachapishwa. Matokeo ya mitihani ya taifa kwa kila shule yako wazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na TAMISEMI hutoa takwimu za elimu za kila mwaka. Mikutano mingi na walimu wakuu hutumika kuuliza idadi ya wanafunzi na wastani wa ufaulu, mambo ambayo yangesomwa nyumbani, na saa hiyo ya mwalimu ingetumika kwa maswali anayoyajua yeye peke yake.

Zanzibar, elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha Bara hakitoshi. Unaomba upya kwa mamlaka za kule. Kenya njia imenyooka zaidi. Kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya kule, kwa njia ya mtandao, baada ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa kupitisha pendekezo, na kufanya utafiti bila leseni ni kosa. Ukishaipata unaripoti kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na kwa Kamishna wa Kaunti kabla ya kugusa shule. Ninachokipenda kwa Kenya ni huo mpangilio: maadili kwanza, leseni baadaye. Kwetu mtu anaweza kufika shuleni na mihuri yote ya utawala huku hakuna aliyemuuliza fomu ya mzazi.

Karibu kila barua ya kibali humaliza kwa kudai nakala ya matokeo ya utafiti. Wengi hupeleka tasnifu ya kurasa 150 kwa Kiingereza, ikapokelewa masjala na kupewa folio kama barua nyingine yoyote. Ipeleke, kwa kuwa umeahidi. Lakini andika pia kurasa mbili kwa Kiswahili, uzirudishe katika zile shule tatu: watoto walikwama kwenye silabi zipi, wangapi, na walimu wengine wa wilaya hiyo wanafanyaje. Nakala moja mpe mwalimu mkuu, na nyingine umtafute mwalimu wa darasa la pili umkabidhi mkononi, umweleze papo hapo, kwa kuwa Jumatatu ndiye atakayekuwa na watoto hao.